Benchi, daftari na saa ya kubonyeza: njia ya mwanafunzi kuelekea saikolojia ya michezo

Simu hupigwa Alhamisi jioni. "Kijana, njoo Jumamosi uongee na wachezaji, Jumapili tuna mechi ngumu." Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa saikolojia huona hapo mlango wa kazi umefunguka. Anakesha akipanga maneno matamu, anafika kambini, anaongea dakika arobaini juu ya kujiamini, wachezaji wanapiga makofi, kocha anampa nauli. Jumapili timu inapigwa tatu bila, na jina lake halitajwi tena pale. Timu ikishinda hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuanzia siku hiyo ataitwa kabla ya kila mechi ngumu, kama mganga.

Hotuba ya kutia moyo si saikolojia ya michezo. Kazi yenyewe hufanyika Jumanne asubuhi kwenye mazoezi ya kawaida, wiki ambayo hakuna anayeangalia, na sehemu kubwa yake ni kukaa kimya. Anayetaka kuingia humu ajue mapema vitu viwili: shahada ipi itampa leseni, na namna ya kukaa benchi akatazama.

Tuanze na shahada, kwa sababu kosa la hapa hugharimu miaka. Fani hii ina miguu miwili, saikolojia na sayansi ya michezo, na vyuo vyetu kwa kawaida hufundisha kila mguu peke yake. Nairobi kuna USIU-Africa na Daystar kwa saikolojia. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Mwanafunzi anayependa mpira hukimbilia mguu wa pili, anamaliza, ndipo anagundua kuwa hawezi kujiita mwanasaikolojia. Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na inamtaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi. Bodi inatazama saikolojia uliyosoma. Mabao uliyofunga haiyaulizi.

Kwa maoni yangu shahada ya kwanza iwe ya saikolojia, michezo ije kwenye uzamili au kwa masomo ya kuchagua. Aliyekwisha kuanza na sayansi ya michezo asikate tamaa: achukue kila somo la saikolojia ambalo idara nyingine itamruhusu kukaa, kisha uzamili wake uwe wa saikolojia ya unasihi. Atapoteza mwaka mmoja au miwili ya kuziba mapengo, basi. Ama masomo yasiyoepukika ni takwimu, mbinu za utafiti, ukuaji wa mtoto na kijana, magonjwa ya akili, fiziolojia ya mazoezi, na namna mwili unavyojifunza ustadi. Takwimu ndiyo inayowaangusha wengi, hasa waliochagua saikolojia wakiamini wameikimbia hesabu.

Anayewaza kwenda nje asome sheria za huko kabla ya kulipa ada. Uingereza, jina "mwanasaikolojia wa michezo na mazoezi" linalindwa na sheria tangu 2009, na hulitumii bila kusajiliwa na HCPC, baraza la huko linalosajili wataalamu wa afya. Njia yake ya kawaida ni shahada ya saikolojia inayotambuliwa, uzamili wa saikolojia ya michezo, kisha miaka isiyopungua miwili ya kufanya kazi chini ya msimamizi. Marekani, neno mwanasaikolojia linamilikiwa na majimbo na kwa kawaida linadai shahada ya uzamivu na leseni; lakini ipo njia ya pili, cheti cha CMPC kinachotolewa na AASP, chama cha wataalamu wa saikolojia ya michezo, kwa mwenye uzamili, saa 400 za kazi chini ya mlezi wa kitaaluma, na mtihani. Mwenye cheti hicho hufundisha ustadi wa akili kwa wanamichezo. Hatibu ugonjwa wa akili, na mteja anapaswa kulijua hilo tangu siku ya kwanza.

Vijana wengi wa Bonde la Ufa huenda Marekani kwa ufadhili wa kukimbia. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya huko, zinaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki za shughuli za timu wakati wa msimu, lakini safari na matibabu ya misuli havimo kwenye hesabu hiyo. Maabara ya saikolojia ikiwekwa saa nane mchana, saa ya mazoezi, atakayeshinda ni kocha. Hayo ya vitendo yapangwe kwenye muhula ambao hauna mashindano mengi, na yazungumzwe na mshauri wa masomo mwaka wa kwanza, siyo wa tatu. Atakayerudi Tanzania na cheti cha ng'ambo atahitaji kitambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa hiyo ahifadhi maelezo ya kila somo, saa zake na maudhui yake, na siyo orodha ya alama peke yake.

Sasa benchi.

Wiki sita za kwanza kwenye timu mwanafunzi asitoe ushauri wowote. Akiulizwa aseme bado anajifunza mchezo wao. Asikae na viongozi kwenye viti vya kivuli. Akae karibu na mtunza vifaa. Huyo ndiye anayejua nani halali, nani anaomba viatu vya mwenzake, nani amesusa chakula tangu alipowekwa nje ya kikosi. Na kwa kuwa wachezaji watamwita "Dokta" tangu siku ya kwanza, awarekebishe siku hiyohiyo. Jina hilo likiachwa likazoeleka, mwezi wa pili mtu atakuja kumwonyesha goti.

Daftari liwe na safu nne: dakika, tukio, mwili ulifanya nini, sekunde ngapi mpaka arudi mchezoni. Andika kilichoonekana. "Golikipa alikata tamaa" ni maoni. "Baada ya bao aliinama, akashika magoti, hakumwita beki yeyote kwa sekunde 50" ni taarifa, na kocha hawezi kubishana nayo. Wanafunzi wengi huona safu ya tatu ngumu kuliko zote, kwa sababu darasani wamezoeshwa kutaja hisia, na hisia haionekani kutoka benchi.

Chukua penalti. Mpira huwekwa mita 11 kutoka langoni. Pima kwa saa ya kubonyeza tangu mpigaji anapouachia mpira mpaka anapoupiga, hesabu hatua anazorudi nyuma, hesabu pumzi ndefu, andika alipotazama. Fanya hivyo kwa mikwaju 20 ya mazoezini na kila atakaoupiga kwenye mechi. Tuseme mazoezini anatumia sekunde 8, hatua 5, pumzi 1. Kwenye mechi sekunde 4, hatua 3, pumzi hakuna. Hapo umeshapata kazi ya mwezi mzima na hujamuuliza swali hata moja kuhusu hofu. Mtaunda naye utaratibu mmoja, ule anaoufuata akiwa ametulia, na ataurudia Jumanne na Alhamisi mpaka miguu iuzoee. Kinachoharibu hapa ni mwanafunzi kumletea mchezaji utaratibu aliousoma kitabuni, pumzi tatu na maneno matano, na refa tayari amepuliza filimbi.

Upumuaji nao una makosa yake. Zoezi lenyewe ni rahisi: vuta kwa pua sekunde 4, toa polepole sekunde 6, ndiyo pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika 5. Linafundishwa kitandani kabla ya kulala, wiki mbili au tatu, kisha ukiwa umekaa, kisha umesimama, kisha kati ya marudio ya mbio. Anayelifundisha asubuhi ya mashindano anamwongezea mwanariadha jambo jipya la kuhangaikia. Wengine huvuta pumzi kubwa kupita kiasi, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota, wanadhani wanaugua. Waambie pumzi iwe ndogo na ya taratibu, urefu uwe kwenye kutoa. Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, usilijaribu mara tu baada ya mbio za kasi. Mwili una deni la hewa na hautakusikiliza.

Kwenye kujenga picha akilini, saa ya kubonyeza ndiyo msema kweli. Mkimbiaji wa mita 400 anayemaliza kwa sekunde 50 mwambie afumbe macho, akimbie mbio nzima kichwani, ainue kidole akifika 100, 200, 300 na mwisho. Mara nyingi atamaliza na sekunde 38 au 40, na ukitazama vidole utaona mita 100 za mwisho zimepita kwa sekunde 5. Ameziruka. Ni mahali panapouma, na akili imepakwepa. Kazi ni kumrudisha pale, akiwa amevaa viatu vyake vya misumari, amesimama kwenye uwanja wenyewe, aiweke mikono kama inavyokuwa inapokuwa mizito, mpaka muda wa kichwani ukaribiane na wa miguuni. Picha inayojengwa kwenye kochi na muziki laini hupendeza, na hubaki palepale kwenye kochi.

Hojaji ndizo sehemu ambayo msomaji wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa Ulaya. Karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza. CSAI-2, inayopima wasiwasi kabla ya mashindano, ina sentensi 27, tisa za mawazo, tisa za mwili, tisa za kujiamini; toleo lililorekebishwa mwaka 2003 lina 17. Moja ya sentensi za toleo la zamani hutumia neno la Kiingereza ambalo laweza kuwa kuhofia au kujali. Ukiitafsiri "ninayajali mashindano haya", mwanariadha mwenye ari atajipa alama ya juu kabisa, na wewe utaandika kuwa ana wasiwasi mwingi. Wenye lugha yao wenyewe waliwahi kuilalamikia sentensi hiyo, sembuse sisi.

"Unahisi presha?" ni mtego mwingine. Kwa mzee wa timu presha ni ugonjwa wa shinikizo la damu, na atakujibu kwamba alipimwa mwezi uliopita yuko sawa. "Wasiwasi" kwa Mwislamu wa pwani una maana yake ya kidini, yule mtu anayerudia udhu mara tano. Uliza mwili: tumbo linakuwaje, mikono inatoka jasho, mate yanakauka, usiku uliamka mara ngapi. Hojaji ikilazimika kutafsiriwa, wafanye watu wawili kila mmoja peke yake, mtu wa tatu asiyeijua ya asili aigeuze irudi Kiingereza, mlinganishe, kisha wanariadha kumi wasome kwa sauti na kueleza walichoelewa kwenye kila sentensi. Kambi za Elgeyo-Marakwet na Nandi zina nyongeza: kwa wengi Kikalenjin ndicho cha nyumbani, Kiswahili ni cha pili na Kiingereza cha tatu. Neno la kujiambia mbioni basi litoke kwenye lugha aliyolelewa nayo, liwe fupi, silabi mbili au tatu, liendane na mdundo wa miguu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havitakuandaa nalo, nalo ni kamati ya ufundi. Anayefuatilia soka letu anajua kamati hiyo hushughulikia ufundi gani: uchawi. Klabu za ligi kuu Tanzania zimewahi kupigwa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja. Mwanafunzi akicheka, amekwisha. Akishiriki, amekwisha vilevile. La kufanya ni kutazama jambo hilo linampa mchezaji nini. Kwa mmoja ni utulivu, kwa mwingine ni hofu kwamba asipofanya atavunjika mguu, na huyu wa pili ndiye wa kuzungumza naye, taratibu, bila kumtukania imani. Dua na sala ya timu navyo vina nafasi yake, ila angalia kama kuna wa dini nyingine anayesimama pembeni akitazama chini.

Siri. Hapa ndipo wanaovunjikiwa na kazi huvunjikiwa. Kocha ndiye aliyekuita, klabu ndiyo inayolipa, na wiki ya tatu kocha atauliza kwa upole, "Yule namba kumi ana shida gani?" Usipokuwa na karatasi iliyosainiwa kabla, jibu lolote litakuangusha: ukisema umemsaliti mchezaji, ukinyamaza umemdharau bosi. Karatasi iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Kocha atapata nini: nani alihudhuria, stadi gani zinafundishwa, na lolote ambalo mchezaji mwenyewe ameruhusu. Hatapata nini: yaliyosemwa. Na siri inakoma wapi: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akidhuriwa. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi asaini, na mtoto naye aulizwe kwa maneno yake kama anakubali.

Dawa zilizopigwa marufuku zitajwe kwenye karatasi hiyohiyo. Wanafunzi husahau kwamba Kanuni za WADA, wakala wa dunia wa kupambana na dawa hizo, zinamhesabu yeyote anayemhudumia mwanamichezo kuwa sehemu ya timu yake, na kumsaidia kwa makusudi kuficha kosa ni kosa lenyewe. Kwa hiyo usiahidi "chochote utakachoniambia kitabaki hapa". Sema wazi mpaka wako uko wapi, kabla hajafungua mdomo kuhusu sindano aliyochomwa na rafiki. Kenya, mlango wa kuelekeza maswali ya namna hii ni ADAK, wakala wa nchi hiyo wa kupambana na dawa hizo, na ni bora mwanariadha aende mwenyewe kuuliza juu ya dawa kabla ya kuimeza.

Orodha ya kupeleka wagonjwa ianze kuandikwa wiki ya kwanza, siyo siku ya dharura: daktari wa akili, daktari wa wanawake, kituo cha msaada kwa waliopigwa nyumbani, dawati la jinsia la polisi, kila mmoja na namba iliyopigwa ikajaribiwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imetoa bure zana ya kuchunguza afya ya akili, inayoitwa SMHAT-1, kwa wanariadha wa miaka 16 na kuendelea. Hatua yake ya kwanza ni maswali 10, na jumla ikifika 17 unaendelea na uchunguzi wa hatua inayofuata. Mwanafunzi anaweza kumsaidia mwanariadha kuijaza. Kuisoma na kuamua ni kazi ya mwenye leseni. Msichana asiyeona siku zake miezi mitatu ni wa daktari, hata kama kocha anakuambia ndivyo wakimbiaji walivyo.

Na usidhani hatari yote iko uwanjani. Mkimbiaji wa Kenya Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya barabarani kwa mbio za wanawake pekee. Wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels, kundi la kupinga ukatili wa kijinsia, baada yake. Tazama nani anashika simu ya mwanariadha, nani anajibu maswali anayoulizwa yeye, nani anajua namba ya siri ya benki yake. Mume ambaye pia ni kocha na pia ni meneja si lazima awe mbaya, lakini mazungumzo yafanyike pasipo yeye kuwepo, na kama haiwezekani kamwe, hiyo nayo andika.

Kuhusu saa za vitendo, hesabu ni kavu. Kambini mara mbili kwa wiki, saa tatu kila mara, ni saa 6; kufikisha 400 ni wiki 67, na kukaa kwenye basi la timu hakuhesabiwi. Kila ingizo liwe na tarehe, muda wa kuanza na kumaliza, namba ya siri badala ya jina, ulifanya nini, na kama ulikuwa uso kwa uso na mwanamichezo au mezani. Msimamizi asaini kila wiki. Wanaosubiri mwisho hujaza kwa kukumbuka, msimamizi amehama chuo, na mwaka umekwenda bure.

Kazi ya kudumu yenye jina hili kwenye tangazo ni adimu. Wanaoishi kwa fani hii huwa na vipande: unasihi wa shule, vipindi vya chuo, timu za majeshi na polisi ambazo zina mishahara na ratiba inayoeleweka, akademia za vijana, wakimbiaji wanaolipa wenyewe. Dai mkataba wa miezi mitatu, usikubali malipo ya "kabla ya dabi". Na kipengele kinachosahaulika kila mara kiandikwe: siku mkataba ukiisha, daftari linakwenda wapi. Lisibaki kwenye kabati la klabu. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022, na maelezo ya afya ya mtu yanalindwa kuliko mengine. Majina yakae kwenye karatasi moja iliyofungiwa, namba zikae kwenye daftari, na mchezaji akitaka kusoma kilichoandikwa juu yake, mpe, mkae mkisome pamoja.